Kuvalisha Pikipiki Ekzosi Isiyokuwa Yake

Ekzosi ya pikipiki hapa Tanga huoza ndani kabla ya kuoza nje. Watu wanailaumu bahari, na ni kweli upepo wa chumvi unakula kila chuma kilichoachwa wazi, kuanzia Raskazone mpaka Chumbageni. Lakini adui mkubwa yumo ndani ya bomba lenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Yanatoka kama mvuke, kwa hiyo huyaoni, isipokuwa asubuhi unapowasha na kukuta matone yakidondoka kwenye ncha. Pikipiki inayokwenda mbali hupasha bomba lote moto na mvuke ukaondoka. Yangu inakwenda kazini na kurudi, sokoni na kurudi, safari fupifupi tu. Maji yanabaki tumboni, yanachanganyika na masizi, yanakesha humo yakitafuna bati.

Waliotengeneza ekzosi wanalijua hilo. Ndiyo maana nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini, cha kumwagia maji. Mafundi wetu wengi wakikiona wanadhani bomba limetoboka, wanakichomelea, tena kwa moyo safi na bila kudai hata senti. Ukiona ekzosi ya mtaani yenye nundu ya kuchomelea chini ya tumbo, mara nyingi hiyo ndiyo habari yake.

Ya kwangu ilianza kukoroma kwenye gia ya pili, kisha bati la tumbo likaachia kabisa. Pikipiki yenyewe ni ya cc 150, ya kabureta, silinda moja inayopozwa na hewa, mashine ya kawaida unayoiona kila kijiwe. Kiraka nilikikataa. Bati likishaoza kutoka ndani, fundi anachomelea kutu, na kutu haishiki. Anaziba hapa, moto wake unafungua tundu pembeni, analifuata hilo, mwisho unabaki na ekzosi ya viraka inayovuja kila upande.

Basi nikaenda Ngamiani, kwenye maduka ya spea. Ipo orijino, inakuja na mfuko wake na stika zake, na bei inakufanya uulize mara ya pili kama umesikia vizuri. Ipo kopi, kwa macho ni ile ile, ukiinyanyua ni nyepesi. Ipo "spoti", kikopo kifupi cha kung'aa kilichopigwa jina la kiwanda kikubwa cha Slovenia au cha Japani, herufi moja ikiwa imekosewa. Na ipo ya mtumba, iliyofunguliwa kwenye pikipiki iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Nilichukua ya mtumba. Ilitoka kwenye pikipiki ya Kichina ya ule muundo wa Honda CG125, muundo wa miaka ya 1970 ambao viwanda vya China viliunakili na kuunakili mpaka ukaenea Afrika nzima.

Kwa nini ile na si spoti? Nilipima kwa mkono. Ekzosi ya kazi lazima iwe na uzito, kwa sababu ndani yake kuna kuta, vyumba na vijibomba. Ukiigonga kwa kidole inatoa mlio mfupi uliokufa. Halafu unaielekeza kwenye jua na kuchungulia: ukiona mwanga upande wa pili, hilo ni bomba tupu lililovalishwa koti, au limewekwa kijibomba chenye matundu kilichozungushiwa pamba ya kioo. Pamba ya aina hiyo inafanya kazi kweli, ekzosi za mashindano zimejengwa hivyo, lakini inaisha. Inaungua, inapeperuka kidogo kidogo, na kelele inaongezeka mwezi hadi mwezi. Za kiwandani zinazotengenezwa vizuri hufunguka ili ubadilishe pamba. Vikopo vya dukani kwetu vimepigwa ribiti moja kwa moja, na nimeona kijana akikishindilia cha kwake stili waya ya kusugulia masufuria. Haikudumu hata mwisho wa wiki. Iliruka nje vipande vipande, vyekundu kwa moto, nyuma yake kukiwa na mama amebeba ndoo.

Ile iliyooza sikuitupa. Nilimwomba fundi aipasue kwa grinda, kwa sababu ni njia rahisi ya kuelewa unachobadilisha. Ndani kulikuwa na vyumba vitatu vilivyotengwa kwa kuta za bati, na vijibomba vinavyopita kuta hizo. Moshi unaingia chumba cha kwanza, unavuka mpaka cha nyuma kabisa, unarudi mbele, ndipo unapata njia ya kutoka. Anayeona vile anasema hapo ndipo injini inapobanwa pumzi, tuzitoe hizo kuta ipumue. Vijiweni kuna kambi ya pili inayosema kinyume chake, kwamba injini "lazima ibanwe nyuma" la sivyo inakosa nguvu. Kambi zote mbili zimeshika nusu ya jambo.

Injini haihitaji kubanwa. Hakuna pistoni inayofurahia kusukuma moshi dhidi ya ukuta. Inachohitaji ni mwendo na wakati. Valvu ya moshi inapofunguka, kinachotoka kwanza ni kishindo, wimbi la mgandamizo linalokimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti, na kwa kuwa gesi ni moto kasi hiyo inafika karibu mita 500 kwa sekunde, wakati kwenye hewa ya kawaida ni kama 340. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka, pale shingo, yaani bomba jembamba linalotoka kwenye injini, inapoingia tumboni, sehemu yake inageuka na kurudi kwenye injini, safari hii ikiwa ni mvuto badala ya msukumo. Likirudi wakati mwafaka, yaani ile nukta ambapo valvu ya moshi haijafunga na ya kuingiza imeshaanza kufunguka, linasaidia kuvuta moshi uliobaki na kukaribisha mchanganyiko mpya. Likirudi kabla au baada, halisaidii, pengine linaharibu.

Fanya hesabu. Injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, valvu ya moshi inafunguka mara 62 na ushee kila sekunde. Shingo yenye sentimita 80 inampa wimbi mita 1.6 kwenda na kurudi, kama elfu tatu za sekunde, na katika muda huo krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haijamaliza hata nusu mzunguko. Kwenye mizunguko 3,000, muda ni ule ule wa wimbi lakini krenki imesogea kidogo sana. Kwa hiyo urefu na upana wa shingo huchagua ni mwendo gani injini itasaidiwa. Aliyebuni pikipiki ya kubeba watu wawili na gunia la mkaa alichagua mwendo wa chini. Ukiweka bomba fupi na pana, gesi inapunguza kasi, mvuto unahamia kwenye mizunguko ya juu ambako dereva wa bodaboda hafiki mara nyingi, na kule chini, unapoachia klachi ukiwa na abiria, pikipiki inakuwa na kigugumizi. Ila kelele imeongezeka, na kelele inamdanganya mtu kwamba nguvu nayo imeongezeka.

Kwa injini za mipigo miwili, zile za mafuta ya kuchanganya, mambo ni makali zaidi, na historia yake naipenda kiasi kwamba siwezi kuipita. Katika mji wa Zschopau, Ujerumani Mashariki, kiwanda cha MZ kilikuwa na mhandisi aitwaye Walter Kaaden, aliyekuwa amefanya kazi kwenye silaha za kurushwa angani wakati wa vita. Hakuwa na fedha wala vyuma bora. Alichokuwa nacho ni uelewa wa mawimbi. Alichonga ekzosi zenye tumbo linalopanuka kisha kusinyaa: upanuzi unavuta moshi, msinyao unarudisha wimbi la msukumo linalosindika tena ndani ya silinda ule mchanganyiko mbichi uliotaka kutorokea nje. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa nguvu farasi 25 hivi, yaani 200 kwa kila lita, bila kulazimishiwa hewa. Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda Suzuki na maarifa yote, na mwaka 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa cc 50, Degner akiwa juu ya pikipiki. Siri iliyotoroka ilikuwa, kwa sehemu kubwa, umbo la bati la ekzosi.

Kwenye mipigo minne hakuna miujiza ya kiasi hicho, lakini mwaka 1971 Mjapani Hideo Yoshimura alipokusanya mabomba manne ya Honda CB750 yakawa moja, watu walielewa kwamba hata huku ekzosi ni sehemu ya injini. Wimbi la silinda moja likawa linasaidia silinda jirani. Pikipiki yangu haina jirani wa kumsaidia, ina silinda moja, kwa hiyo shingo yake inapiga kazi peke yake.

Tuingie kwenye spana.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutoa nati mbili zinazobana shingo kwenye silinda hedi. Ni nati ndogo, kwa kawaida spana namba 10, na zimekaa kwenye moto na mvua miaka yote. Ukizilazimisha zinakata stadi, ile fimbo yenye thredi inayoshika nati, na stadi ikikatika ndani ya hedi ya alumini, kazi ya mchana mmoja inakuwa ya siku mbili. Fundi wangu, kijana mtulivu asiyependa redio wakati wa kazi, alianza jioni ya siku iliyotangulia kwa kumwagia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki. Dawa za kopo za kulainisha kutu zipo madukani, ila ile ya kienyeji nayo inapenya ukiipa usiku mzima. Asubuhi akawasha injini dakika chache ili hedi ipate joto. Sababu yake ni nzuri: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo hedi ikipata moto inailegeza stadi kidogo. Kisha spana ya duara, siyo ile ya mdomo wazi, na mwendo wa kwenda na kurudi, robo mbele, robo nyuma.

Ya kwanza ilitoka ikilia. Ya pili ilikubali kwa muda, halafu mkono ukahisi ulaini ule ambao kila fundi anaujua.

"Kaka, hii imekata," akasema, bila kuinua uso.

Bahati ilibaki na kisiki cha milimita kadhaa nje. Alichukua nati kubwa zaidi, akaipachika juu ya kisiki, akachomelea kupitia tundu la nati mpaka vikawa kitu kimoja. Mchomeleo wa chuma haushiki alumini, kwa hiyo hedi ilibaki salama, na joto la kuchomelea lenyewe ndilo lililoachanisha thredi. Akangoja lipoe kidogo, akaweka spana, kisiki kikatoka taratibu kikizunguka. Kama kisiki kingekatikia ndani ingebidi drili, na hapo ukikosea katikati unakula alumini, halafu unatafuta thredi ya kupandikiza. Nilinunua stadi mpya zote mbili, pamoja na nati za shaba nyekundu, na tukazipaka grisi ya kopa. Grisi ya kawaida pale inaungua na kuwa mkaa.

Tatizo lililofuata ni kwamba ekzosi ya mtumba haikukubali kwenye hedi yangu. Nafasi kati ya stadi na stadi ilitofautiana, na kona ya shingo ilielekea kwingine. Shingo yangu ya zamani, kwa upande mwingine, ilikuwa nzima kabisa, kwa kuwa sehemu ile huwa na moto mkali na maji hayakai. Basi tukakata: mbele ikabaki yangu, tumbo likawa la mgeni.

Kuunganisha mabomba mawili kunaonekana ni kazi ndogo. Kuna mambo matatu ambayo fundi mwenye haraka anayaruka. Kwanza, bomba jembamba liingie ndani ya pana kwa kufuata mwelekeo wa moshi. Ukifanya kinyume unaweka kizingiti mbele ya gesi. Pili, kusiwe na matone ya kuchomelea yaliyodondokea ndani, maana kila tone ni kikwazo na wimbi linalisikia. Tatu, bati la shingo ni jembamba, na mashine ya fimbo inalitoboa mikononi mwa mtu asiye na subira. Tulimpelekea mchomeleaji wa gesi.

Ila kabla ya hapo ekzosi lazima ishikwe ikiwa juu ya pikipiki, kwa vinukta vichache tu vya mchomeleo, ili ipate mkao wake halisi. Tulitoa tangi la mafuta kabisa na kuliweka mbali, tukafungua vichwa vya betri ili umeme wa kuchomelea usitembee kwenye nyaya na kuua taa au mfumo wa moto wa plagi. Nimeona watu wakifunika tangi kwa gunia lililolowa na kuendelea. Wao na Mungu wao.

Kupata mkao ndiko kulikokula muda. Ekzosi inapita upande wa kulia, na upande huo huo kuna pedali ya breki ya nyuma na mkono wa kiki. Bomba likisogea sentimita moja nje, kiki inaligonga. Likisogea juu, buti linagusa moto kila unapokanyaga breki. Halafu kuna stendi kubwa. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii ekzosi ya asili ina kijipande chenye mpira, na stendi ikipanda inapumzikia hapo. Ukiondoa ekzosi ile na kuweka ya mgeni isiyo na kijipande, stendi inapanda kupita kiasi na kuanza kugonga mnyororo. Tulikikata kutoka kwenye maiti ya ekzosi ya zamani na kukihamishia kwenye mpya. Mwisho tukawakalisha watu wawili wenye miili yao, wakarukaruka, huku fundi amelala chini akitazama kama swingiamu, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, inafika kwenye bomba shokapu zikibonyea. Pikipiki ikiwa tupu kila kitu kina nafasi. Ni abiria ndiye anayeonyesha kasoro.

Kitundu cha kumwagia maji kwenye tumbo la mgeni kilikuwa kimeshazibwa na msamaria fulani. Nilitoboa kingine kwa drili ya milimita tatu, fundi akinitazama kwa huruma.

Gasketi ya shingoni ilikuwa mpya. Ni pete inayobonyea mara moja ikachukua umbo la mahali pake. Ukiifungua na kuirudisha haizibi tena sawasawa. Wengine wanapaka silikoni nyekundu. Pale mlangoni mwa hedi joto ni kubwa kuliko silikoni inavyoweza kuvumilia, inakuwa unga. Na utaratibu wa kukaza una maana kubwa kuliko nguvu ya mkono. Kila kitu kinapachikwa kikiwa legevu, nati za shingo, bolti ya breketi ya nyuma, vyote. Kisha shingo inakazwa kwanza, nati hii kidogo, ile kidogo, ili pete ibonyee sawa pande zote. Breketi inafuata mwisho. Ukikaza breketi kwanza, bomba zima linavuta shingo pembeni, na mtetemo wa silinda moja unamalizia kazi: ama stadi inakatika, ama breketi inapasuka pale ilipochomelewa.

Iliwaka kwa kiki moja. Sauti ilikuwa nzito kuliko ya zamani, si kubwa sana, na nilipofunga mafuta ghafla kutoka gia ya tatu ikapiga milipuko midogo, pa-pa-pa. Vijana wa kijiwe cha karibu walipenda. Mimi sikupenda. Milipuko ile inasema kuna hewa inayoingia mahali isipotakiwa, au mchanganyiko wa kabureta ni mwepesi mno, petroli kidogo hewa nyingi. Tulianza na hewa: injini ikiwa baridi, maji ya sabuni kwenye maungio, fundi akaziba ncha ya bomba kwa kitambaa. Mapovu hayakutokea. Kwa hiyo ni kabureta.

Hapa pana mtego wa skrubu ndogo ya mchanganyiko. Ikiwa imekaa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na kuifungua ni kupunguza petroli. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na kuifungua ni kuongeza. Mtu asiyejua anaizungusha huku na huku mpaka pikipiki inakataa kushika sailensa, yaani kuunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta. Yetu ilikuwa upande wa injini. Nusu mzunguko nje, milipuko ikapungua mpaka ikabaki mmoja mmoja. Jeti kubwa, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, hatukuigusa kwanza. Tulisubiri plagi itoe ushahidi. Baada ya mwendo mrefu wa kuvuta mafuta, unazima injini papo hapo, unafungua plagi na kutazama kauri yake. Nyeupe kama chaki ni moto mwingi, mchanganyiko mwepesi. Nyeusi yenye masizi ni petroli imezidi. Yangu ilikuwa ya kahawia iliyopauka, inayoegemea nyeupe, tukapandisha jeti namba moja tu. Kuna imani kwamba ekzosi iliyotobolewa "inaunguza valvu". Mara nyingi kinachounguza ni huu wepesi wa mchanganyiko ambao hakuna aliyeurekebisha.

Jaribio halisi niliifanyia barabara ya Amani. Kutoka Muheza unakwenda tambarare kwa muda, kisha milima ya Usambara Mashariki inaanza, kona kwa kona, vumbi au utelezi kutegemea msimu, mpaka karibu mita 900 juu ya bahari. Barabara ile haitaki mwendo wa kasi, inataka nguvu ya chini, gia ya pili, mafuta kidogo. Kule juu nilishangaa: ile milipuko iliyobaki ikatoweka kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi, kwa mwinuko ule ni kama asilimia tisa chini ya ile ya pwani, huku jeti ikimwaga petroli karibu kiasi kile kile. Mlima ulikuwa umenitajirishia mchanganyiko. Anayepima kabureta yake Lushoto asishangae akishuka Mombo ikabadilika tabia. Kwa nguvu, sikuona tofauti ya kuandikia habari: kidogo laini zaidi katikati, kidogo nzito kwenye mwanzo wa kupanda. Kwangu hilo ni ushindi. Nilitaka mbadala, sikutaka pikipiki nyingine.

Jambo lililonichukiza katika maduka yote ni kinga ya joto. Ekzosi za asili zina bati la pili lililoinuliwa kidogo juu ya bomba, na watu wanadhani ni urembo. Spoti nyingi hazina. Za mtumba limeshang'oka. Matokeo yake unayaona kwenye miguu ya wanawake na watoto mjini, alama ya kahawia kwenye shavu la mguu wa kulia, ya mtu aliyeshukia upande wa bomba. Dereva ana suruali na anajua bomba liko wapi. Abiria amevaa khanga na anateremka kwenye matope gizani. Nilichonga bati la kinga, nikaliinua kwa vipande vidogo ili hewa ipite kati, na ilikuwa gharama ndogo kuliko zote katika kazi nzima. Na aliyeungua awekwe kwenye maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, mapema iwezekanavyo. Dawa ya meno ibaki mswakini.

Sasa niwarudie wapenda kelele, maana hoja yao kubwa nimeisikia sana: "Ekzosi ikilia, dereva wa lori ananisikia." Sauti ya ekzosi inatupwa nyuma. Lori linalokuua mara nyingi liko mbele, linaingia barabarani kutoka kushoto, madirisha yamefungwa, redio juu. Anayekusikia vizuri ni mgonjwa wa wodini uliyempita usiku, na wewe mwenyewe. Masikio hayazoei, yanachakaa. Kiwango kinachotumika sana kwa watu wa kazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 umebakiwa na robo saa. Dereva wa bodaboda anakaa juu ya chombo chake kutwa. Sheria nazo zipo: Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, Kenya ilikuwa na za kwake tangu 2009. Ila siku trafiki akisimamisha pikipiki barabarani hana kipimo mkononi, ana sikio lake, na sikio la trafiki linaweza kujadiliwa.

Kilichonisumbua baadaye ni breketi ya nyuma. Tuliibana chuma kwa chuma, na mtetemo ukaanza kufika kwenye futresti ya abiria, kisha ufa mwembamba ukaonekana pembeni ya mchomeleo. Nati za shingo nazo, baada ya joto na baridi za siku za mwanzo, zilikubali kukazwa tena karibu robo mzunguko, jambo la kawaida kwa gasketi mpya. Kwa breketi fundi alikata duara mbili kutoka kwenye tairi kuukuu, akaweka boshi ya bomba katikati ili bolti isizibane mpaka mwisho, na mtetemo ukaisha. Tairi litakauka kwa joto na kupasuka. Nimeshamwambia aniwekee duara nyingine mbili.